Watatu Waliorudi Kuomba Mkate

Kitanda cha kumi na nne kilikuwa karibu na jiko la makaa, na mimi ndiye niliyekitandika. Nilikitandika Jumatatu, nikakitandika tena Jumatano ingawa hakuna aliyekilalia, kwa sababu vumbi la Agosti huingia hata dirisha likifungwa. Shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu ya wiki iliyofuata. Wasichana kumi na tisa walikuwa wameshafika bwenini na masanduku yao, wanagombania misumari ya kutundikia makoti. Wa ishirini hakuja. Jina lake Begayim, binti wa Döölöt mchungaji, wa bonde la juu. Alikuwa amemaliza darasa la tisa kwa alama zilizomfanya mwalimu wake apande farasi kuja mjini kuzionyesha.

Mimi ni mpishi wa bweni hilo. Shirika letu linaitwa Ashuu, na kwetu ashuu ni njia inayopita katikati ya milima miwili. Kazi yake ni kumpa mtoto wa mchungaji mahali pa kulala mjini, ili shule ya kijijini kwao ikiishia darasa la tisa, yeye aendelee mpaka la kumi na moja.

Wanaoliongoza ni watatu. Mkubwa wao ni Kanyshai eje. Sote tunamwita eje, dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Alifundisha fizikia miaka ishirini na sita, akaanguka farasini akienda kumtafuta mwanafunzi mtoro, na tangu siku hiyo mguu wake wa kushoto huja nyuma ya ule wa kulia kama mtoto aliyenuna. Wasichana wote wakishakula, huja jikoni kula na mimi, na sufuria huipangusa kwa mkate mpaka nabaki sina cha kuosha. Wa pili ni Shaimbek baike, yaani kaka mkubwa, aliyekuwa dereva wa trekta katika shamba la ushirika zamani. Yeye ndiye wa magari, makaa, mabomba na wazazi wakali. Cheti chake pekee ni cha kuendesha trekta, na amekitundika ofisini katika fremu, juu kuliko vya wenzake. Wa tatu ni Perizat, mwanasheria, miaka ishirini na saba, alisomea Bishkek, mji mkuu. Kuna ofisa mmoja aliyeikalia hati ya bweni letu miaka mitatu. Perizat alikwenda akakaa mlangoni kwake siku nne, anafuma soksi, hasemi kitu. Siku ya tano hati ilitoka, na ofisa akapewa zile soksi.

Hao watatu wana sheria moja wasiyoivunja. Mtoto asipokuja, kitanda chake hakipewi mwingine mpaka wote watatu wakae nyumbani kwao na wasikie hapana kwa mdomo wa mzazi mwenyewe. Mmoja hatoshi, wala wawili.

Alhamisi asubuhi Kanyshai eje aliingia jikoni nikiwa natoa mikate.

"Zuura, bonde la juu unalijua?"

"Nilizaliwa huko, eje."

"Njia ya nyumbani kwa Döölöt?"

"Naijua."

"Basi vaa koti. Na hiyo mikate minne ifunge kitambaani."

Sikutaka kwenda. Mimi na watu wengi hatuelewani, maneno hunikwama kooni, na huko bondeni kuna wanaonikumbuka nikiwa mdogo. Lakini kumkatalia Kanyshai eje ni vigumu kwa sababu haombi mara mbili. Anangoja tu, ameegemea mlango, mpaka unajikuta unavaa koti.

Gari la Shaimbek baike ni la Kirusi, la kijani, na mlango wa nyuma hufungwa kwa kamba. Nilikaa nyuma na mikate, Perizat kando yangu.

"Perizat, viatu hivyo vya harusi?" Shaimbek baike aliuliza akimtazama katika kioo.

"Vya ofisini."

"Ofisi ya leo ina mavi ya kondoo."

"Basi utanibeba, baike."

"Nimebeba magunia ya ngano maisha yangu yote, wewe si mzito. Kizito ni ulimi wako."

Perizat alicheka. Baadaye, barabara ilipoanza kupanda, alisema, "Mezani nimeacha barua kumi na moja. Kweli ni lazima twende wote watatu? Mmoja wetu angemaliza hili kwa saa mbili."

"Unajua sheria hii ilitoka wapi?" Shaimbek baike akasema.

"Shaimbek," Kanyshai eje alimwita taratibu, kama mtu anayegusa mlango.

"Acha ajue, eje, naye ni kiongozi. Zamani tulikuwa tunamtuma mtu mmoja. Kijana mmoja alipanda bonde hilihili. Wakati ule tulichukua hata watoto wadogo. Akamkuta baba yuko na kondoo wake, akamwuliza akiwa juu ya farasi: binti unamtoa au humtoi? Hakushuka, Perizat. Mzee wa watu, mkewe hajatimiza hata arobaini tangu azikwe, anaulizwa na mtu aliye juu ya farasi. Akasema simtoi. Kijana akaandika 'amekataa', akarudi kula chakula cha mchana."

"Na binti?"

Nilikuwa naangalia kitambaa cha mikate. Farasi yule alikuwa na mguu mmoja mweupe. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimeshika mwanakondoo, nimemaliza darasa la nne, na sikujua kwamba nilikuwa nimeimaliza shule kabisa.

"Tulipanda tena baada ya miaka mitano," Kanyshai eje alisema bila kugeuka. "Tulichelewa. Alikuwa ameshakuwa mpishi mzuri kuliko sisi sote."

Perizat alinitazama, kisha akatazama nje. Miaka minne nimefanya kazi katika nyumba ile na sikuwahi kujua kwamba sheria yao ilitokana na mimi.

*

Nyumba ya Döölöt ni ya tofali za udongo, mgongo wake umeegemea kilima. Tulimkuta shambani na vijana wake wawili wadogo wanakusanya majani makavu ya ng'ombe kabla mvua haijanyesha. Aliinua mkono, hakusogea. Kanyshai eje hakumwita. Alichukua reki iliyoegemea ukuta, akaingia shambani na mguu wake, akaanza kukusanya. Shaimbek baike akavua koti. Perizat akatazama viatu vyake, akaingia. Huo ndio utaratibu wao, kwanza mikono, mdomo baadaye. Tulikusanya majani mpaka jua likapita utosini, na hakuna aliyetaja shule.

Kisha Döölöt akasema, "Mtakunywa chai," tukaingia ndani.

Mama wa nyumba, Saltanat, alikuwa amelala nyuma ya pazia. Tulimsalimia kwa sauti naye akatujibu kwa sauti. Mama yake Döölöt, Batma apa, kama tunavyowaita mama wazee, alitandika kitambaa, akaweka mkate, siagi na malai. Kando ya mlango, kwenye msumari, ulining'inia mkate mwingine, mkavu kama gome, umeng'atwa upande mmoja. Nyumba nyingi kwetu huwa na mkate kama huo. Kijana akienda jeshini hung'ata mara moja, na uliobaki hutundikwa umngojee arudi kuumaliza. Huu ulikuwa wa Kubat, mtoto wa kwanza. Atarudi majira ya kuchipua.

Begayim ndiye aliyemimina chai. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mikono iliyopasuka kwa maziwa na baridi ya asubuhi. Alimimina kidogo kidogo, kama inavyopasa kwa mgeni wa heshima, ili ainuke tena na tena kumwongezea. Alipofika kwangu aliinama na kuninong'oneza, "Dada, kitanda bado kipo?"

"Kipo," nikasema.

"Mwalimu," Döölöt alianza, "wewe ulinifundisha na mimi. Ulinifundisha kwamba jiwe ukiliachia huanguka chini. Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua linaanguka," Kanyshai eje akasema. "Kwa nini linaanguka, siku hiyo ulitoroka."

Shaimbek baike alicheka, na hata Döölöt uso wake ulilegea. Pengine kama tungeachiwa hapo tungefika. Lakini Perizat alikuwa na barua kumi na moja kichwani.

"Baike," alisema, "Begayim ana haki ya kusoma. Sheria inasema mtoto si mfanyakazi."

Döölöt aliweka bakuli chini.

"Mfanyakazi? Binti yangu, nyumbani kwangu, mfanyakazi?"

"Sikusema hivyo. Nimesema sheria..."

"Sheria yako inajua kukamua? Begayim, mjazie mgeni chai. Jaza vizuri."

Begayim alisita. "Jaza," baba yake akarudia, naye akajaza mpaka chai ikatetemeka ukingoni. Chai tele kwetu ina maana moja tu: kunywa, kisha uende. Perizat aliitazama, shingo yake ikawa nyekundu.

"Baba yako alikusomesha ili uje kunitisha mimi?" Döölöt alimwuliza.

"Baba yangu aliuza farasi wake pekee ili nisome," Perizat akasema. "Akatembea kwa miguu mpaka alipokufa." Akainuka akatoka.

Batma apa alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mkate kwa mikono miwili, kama anavyoshikiwa kila mtu anayetoka. Kwetu hutoki nyumbani mwa mtu bila kuonja mkate, hata ukiwa na haraka ya mazishi. Hata usiposhuka farasini, utainama uonje. Perizat alimpita. Hakuuona, au aliuona machozi yakamzuia. Mikono ya bibi ilibaki hewani.

Kijana mdogo wa Döölöt aliacha mdomo wazi.

"Mmeona," Döölöt alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira tena, na hilo lilinitisha zaidi. "Mkate wangu haumfai. Jibu langu ni hapana, mwalimu. Andikeni."

Tulionja mkate, sisi watatu tuliobaki. Begayim alikuwa anakusanya mabakuli, ameinamisha kichwa. Nilitoka wa mwisho. Sikuweza kumtazama.

*

Tulishuka mpaka darajani. Hapo Shaimbek baike akakohoa.

"Basi. Sheria imetimia. Tulikaa watatu nyumbani kwake, na hapana imetoka mdomoni mwake. Kuna yule binti wa bonde la pili anayengoja kitanda, mama yake amepiga simu mara nne. Nimpigie?"

"Simamisha gari," Kanyshai eje akasema.

Gari likasimama. Mto ulikuwa na sauti kubwa chini yetu.

"Perizat, unajua ulichofanya?"

"Nilimjibu vibaya. Najua. Nitamwandikia."

"Mkate," Shaimbek baike akasema.

"Mkate gani?"

"Batma apa alikushikia mkate mlangoni. Ulimpita."

Nilimwona anakumbuka. Kwanza alikataa kwa kichwa, kisha mkono ukaja mdomoni ukabaki hapo. Huyu ni mtu aliyemshinda ofisa kwa kufuma soksi. Sasa alikuwa kama mtoto aliyevunja kitu cha mama.

"Bibi yangu angenichapa," alisema mwishowe. "Angenichapa mbele ya watu."

"Kosa ni langu," Kanyshai eje akasema. "Mimi ndiye mkubwa. Niliona unainuka, nikajiambia anakwenda kuvuta hewa. Ningekushika mkono."

"Usinibebee, eje."

"Sikubebei. Nachukua fungu langu tu, lako limebaki palepale." Akamgeukia Shaimbek baike. "Na wewe, sheria haijatimia. Hatukusikia jibu la Döölöt. Tulisikia jibu la mkate."

Shaimbek baike alikuna kidevu. "Basi turudi. Lakini turudi na nini? Nyuma nina sukari kilo tano, niliinunulia bweni. Na kuna mikate ya Zuura, bado ni laini. Tumpelekee bibi mikate minne kwa mmoja, yaishe."

Wakakubaliana hivyo. Shaimbek baike alikuwa ameshaanza kugeuza gari. Kitambaa kilikuwa mapajani mwangu, na nilijua wanakosea, na maneno yalikwama palepale yanapokwama siku zote. Niliwaza mikono ya Begayim. Niliwaza mguu mweupe wa yule farasi.

"Msipeleke kitu," nikasema.

Shaimbek baike akakanyaga breki. Wote wakageuka, nami nikaongea na kitambaa.

"Mtu ukiukataa mkate wake, halafu ukamletea wako, ni kama umemwambia wako ni bora. Batma apa ataupokea, atauweka pembeni, na hautaliwa. Twende mikono mitupu. Tukaombe."

"Tukaombe nini?" Perizat akauliza.

"Mkate."

Kanyshai eje alinitazama muda mrefu.

"Miaka kumi na moja tunapanda mabonde haya," alisema, "na kila nyumba tunaingia na kitu cha kutoa. Hatujawahi kuomba." Akagonga kiti cha mbele. "Geuza."

Gari tuliliacha kwenye kichaka cha mierebi, mbali na nyumba, kwa sababu mwombaji haji na gari. Tulipanda kwa miguu. Shaimbek baike alimpa Kanyshai eje bega lake, eje akakataa, akapanda peke yake, anasimama kila hatua thelathini akijifanya anatazama milima. Perizat alitangulia. Viatu vya ofisini vilikuwa vimekwisha rangi.

Batma apa alikuwa nje anapepeta ngano. Hakuinua kichwa.

"Apa," Perizat akasema. "Nina njaa. Naomba mkate."

Bibi akaendelea kupepeta. Huyu bibi sikio lake la kushoto limekufa, nasi tulikuwa upande huo, lakini nafikiri alisikia. Perizat alizunguka, akapiga magoti mbele ya ungo, akasema tena, kwa sauti iliyofika mpaka zizini alikokuwa Döölöt.

"Apa, nilipita mkate wako kama mtu asiye na wazazi. Nina njaa. Naomba."

Batma apa aliweka ungo chini, akamtazama viatu, akamtazama uso.

"Ulikuwa unakimbilia wapi, binti? Jeshini?"

"Nilikuwa nakimbia ulimi wangu, apa."

"Mhm. Na umeuacha nyuma?" Akajiinua kwa kushika bega la Perizat. "Ingia. Mwenye njaa haulizwi maswali."

Tukala. Si kuonja, tulikula, maana kweli tulikuwa na njaa. Döölöt aliingia, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika, akakaa mahali pake. Hakusema karibu wala hakusema tokeni. Begayim alianza kumimina chai, akamtazama baba yake. Baba yake alionyesha kwa kidole kimoja: kidogo. Akamimina kidogo.

Kanyshai eje alingoja bakuli la pili.

"Döölöt, leo usiniambie ndiyo wala hapana. Niambie siku yako. Ukiamka unaanza na nini?"

Alifikiri labda ni mtego. Kisha akaanza kusema, na kadiri alivyosema ndivyo mabega yake yalivyoshuka. Ng'ombe saba, asubuhi na jioni. Kondoo mia mbili wanaotakiwa wawe mlimani kabla jua halijatoka. Kubat yuko jeshini. Saltanat aliinua ndoo mwezi wa Julai, kitu kikaalika mgongoni, na tangu siku hiyo hata kugeuka hawezi. Mama yake ana miaka themanini na mbili. Vijana wadogo, mmoja anaogopa ng'ombe na mwingine ng'ombe wanamwogopa.

"Sikatai shule," alisema. "Mnadhani mimi mnyama? Mwalimu wake alipokuja na zile alama nilizisoma mara tatu. Lakini Begayim akienda, nani atakamua?"

"Mimi nitakamua," sauti ya Saltanat ikatoka nyuma ya pazia.

"Wewe lala."

"Kamua wewe mwenyewe," Shaimbek baike akamwambia.

"Mwanaume akamue ng'ombe? Watanicheka mpaka mjini Naryn."

"Mimi nilikamua jeshini miaka miwili. Walinicheka wakiwa wanakunywa maziwa."

Watatu wale wakatazamana. Nimewaona wakitazamana hivyo mara nyingi nikipeleka chai ofisini, na huwa najua kwamba jambo limeshaamuliwa kabla mtu hajalisema.

"Saltanat atashuka na Shaimbek Jumatano," Kanyshai eje akasema. "Naryn kuna daktari wa mgongo, nilimfundisha, hatamchelewesha. Tuseme wiki tatu mpaka aweze kukaa kigodani. Sisi tuko watatu. Wiki moja moja."

"Wiki moja moja nini?" Döölöt akauliza.

"Kukamua."

"Wewe? Mkurugenzi?"

"Nilikamua kabla sijajua kwa nini jiwe huanguka."

"Na ofisi yenu?"

"Ofisi inaweza kungoja. Ng'ombe hawezi."

"Mimi naanza," Perizat akasema.

Döölöt alimgeukia kwa mara ya kwanza tangu turudi. "Umewahi kukamua?"

"Hapana, baike."

"Basi twende."

Tulitoka wote zizini, hata Batma apa na fimbo yake. Döölöt alimchagulia ng'ombe wa madoa ambaye hata mimi nisingemkaribia kwa hiari. Perizat alikaa kigodani na sketi yake ya ofisini, akavuta chuchu kama anavuta kamba ya kengele. Hakikutoka kitu. Nilichuchumaa kando yake nikamwonyesha mkononi mwangu: usivute, funga vidole kutoka juu, kimoja kimoja, kama unayeminya siri. Akajaribu. Uzi mmoja wa maziwa ukapiga ndoo. Akageuka kutuonyesha uso wake wa furaha, na ng'ombe akamtia teke, ndoo huku, yeye kule.

Alikaa chini kwenye samadi sekunde moja. Kisha akasimamisha kigoda, akaokota ndoo, akakaa tena.

"Huyu atanikaushia ng'ombe," Döölöt alisema, lakini masharubu yake yalikuwa yanatikisika.

"Atajifunza," Batma apa akasema. "Wewe ulikuwa unaogopa mbuzi mpaka miaka tisa."

Begayim alikuwa amesimama nguzoni. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu, na yeye hakuuliza. Alikuwa anamtazama baba yake tu, na baba yake alikuwa anamtazama ng'ombe. Muda ukapita. Ndoo ilianza kutoa sauti ya kitu kilicho na maziwa ndani.

"Hicho kitanda," Döölöt akasema bila kumgeukia mtu, "kiko dirishani? Huyu ana kifua kibaya wakati wa baridi."

Kanyshai eje hakujibu. Shaimbek baike hakujibu. Nilingoja wajibu, kisha nikaelewa kwamba wananingoja mimi, kwa sababu ni mimi ninayejua vitanda.

"Kiko karibu na jiko, baike," nikasema. "Nimeshakitandika."

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Begayim akageuka akaingia ndani haraka, nasi tukamsikia anavuta sanduku kutoka chini ya kitanda cha bibi. Lilikuwa limeshafungwa.

*

Jumapili tulipanda tena. Perizat alikuwa na mabuti ya Shaimbek baike, saizi arobaini na nne, yamejazwa soksi. Aliteremsha begi lake, na Begayim akapakia sanduku lake. Yule binti wa bonde la pili alikuwa ameshahamia nyumbani kwa Kanyshai eje. Kila mwaka huwa yuko mmoja wa namna hiyo, na kila mwaka Kanyshai eje husema ni wa mwisho. Na wiki zile tatu zilipita kama walivyosema. Wiki ya Kanyshai eje, yule kijana anayeogopa ng'ombe alijifunza mizani na nyenzo akiwa amesimama mlangoni mwa zizi. Wiki ya Shaimbek baike, Döölöt mwenyewe alikaa kigodani, jioni, wakati hakuna anayepita njiani. Lakini hayo ni ya baadaye.

Siku ile Batma apa alitoka na mkate mpya, mzima, wa mviringo. Nilifikiri ni wa kuonja tu. Alimwekea Begayim mdomoni.

"Ng'ata."

"Apa, huo ni wa wavulana wanaokwenda jeshini," kaka mdogo akasema.

"Nani kakuuliza? Ng'ata, mwanangu. Uliobaki utakungoja."

Begayim aling'ata. Hakulia, ila alitafuna muda mrefu sana. Batma apa akaugeuza mkate, akamgeukia Perizat aliyesimama na ndoo mkononi.

"Na wewe."

"Mimi sisafiri, apa. Mimi ndiyo nimefika."

"Wiki ikiisha utaondoka, na wewe una mazoea ya kuondoka vibaya. Ng'ata, ili urudi."

Perizat aliweka ndoo chini, akashika mkono wa bibi kwa mikono yake miwili, akang'ata upande wa pili.

Mkate ule ulibaki na alama mbili za meno. Batma apa aliutundika kando ya mlango, chini kidogo ya ule wa Kubat, ili aufikie kila asubuhi kuupangusa vumbi.